Kabla hujagusa Zimbra: kuiandaa seva ya ofisi, kuanzia jina lake hadi umeme

Kusimika Zimbra, mfumo wa barua pepe unaokaa kwenye seva yenu, kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Unafungua kifurushi, unaendesha `install.sh`, unajibu maswali, unasubiri. Kinachomaliza siku tatu na bando zima ni yale ambayo fundi aliyaruka kabla ya kufika hapo: mashine haina jina kamili, MX (rekodi inayosema barua za domeni zipelekwe wapi) inaelekea kusikojulikana, saa iko nyuma, porti ya 25, mlango wa barua kati ya seva na seva, imeshikwa na programu nyingine. Ukisimika juu ya hayo mfumo utawaka, tena utaingia kwenye ukurasa wake na kumtumia bosi picha ya skrini. Barua ndizo hazitafika.

Hapa naongelea hiyo kazi ya kabla tu. Ninayemfikiria ni fundi wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe aliyeitwa na ofisi ya watu kama 30, tuseme chama cha ushirika wa kahawa, wanaotaka barua pepe za domeni yao, kalenda ya pamoja na kitabu kimoja cha anwani, vyote vikae kwenye seva yao wenyewe. Amri ni za Ubuntu Server, na zote zinaendeshwa kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), kwa hiyo anza na `sudo -i`. Kwenye mifano nimetumia `ushirika.example`, maana mkia wa `.example` umetengwa kwa mifano na hauuzwi kwa mtu. Wewe weka domeni ya ofisi, iwe `.co.tz` au `.or.tz`. Anwani ya ndani ya seva ni 192.168.10.5, na ya nje ni 203.0.113.10, ambayo nayo ni ya mifano.

Hatua ya 1: Anza na yanayotegemea watu wengine

Mambo ya kwenye kibodi utayamaliza usiku mmoja. Ya mtoa huduma wa intaneti yana foleni yake, kwa hiyo yapeleke kwanza, hata kabla seva haijashuka kwenye basi.

Mtoa huduma anatakiwa akupe vitu vitatu: anwani ya nje isiyobadilika, porti ya 25 iliyo wazi kwa barua zinazotoka na zinazoingia, na rekodi ya PTR, yaani ile inayogeuza namba ya anwani kuwa jina. PTR huwezi kujiwekea mwenyewe kwenye domeni yako. Anaiweka mwenye namba.

Anza kwa kupima kama una anwani ya nje kweli. Ingia kwenye rauta uone anwani iliyoandikwa upande wa WAN (wa intaneti), kisha kwenye kompyuta yoyote ya ofisi andika:

```
curl ifconfig.me
```

Namba hizo mbili zikitofautiana, na ya kwenye rauta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue mnatumia anwani moja na wateja wengine wengi. Hapo hakuna barua itakayobisha hodi kwenu. Omba anwani yenu wenyewe, la sivyo kodi seva ndogo huko nje uisimike Zimbra hukohuko. Modemu ya laini ya simu usiipotezee muda.

Porti ya 25 ipime hivi:

```
nc -vz gmail-smtp-in.l.google.com 25
```

Ikikaa kimya mpaka muda uishe, imezibwa. Peleka ombi kwa maandishi, utaje namba na jina unalotaka lirudishwe: `203.0.113.10` irudishe `barua.ushirika.example`.

Mimi PTR ilinifunza adabu. Kuna chama kimoja upande wa Mbozi nilikisimikia mfumo vizuri kabisa, barua za ndani zinakwenda kama maji. Wiki ya pili katibu akanipigia: “Fundi, shikamoo yangu sikupi leo. Mnunuzi wa Ujerumani anasema hajaona bei wala sampuli, na sisi tumemwandikia mara tatu.” Barua zilikuwa zimetoka kweli, ila upande wa pili zilikataliwa, kwa sababu namba yetu ukiiuliza jina lake ilikuwa inataja jina refu la mtoa huduma, lisilofanana na la seva yetu hata kidogo. Kuirekebisha PTR ni kazi ya dakika tano kwa mwenye nayo, lakini mimi nilingoja siku tisa. Na tangu Februari 2024 Google inataka kila anayetuma barua kwenda Gmail awe na PTR inayolingana na jina, pamoja na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni) au DKIM (saini inayothibitisha barua imetoka kwenu), hata kama anatuma barua kumi kwa siku.

Hatua ya 2: Mashine

Hapa sitakaa sana. Kwa RAM, GB 8 ni kubahatisha. Mimi siendi chini ya 16, kwa sababu ndani ya Zimbra kuna Java, hifadhidata, kichujio cha barua taka na kikagua virusi, na vyote vinakula. Diski ziwe mbili zilizofungwa pamoja kwa RAID 1 (kila moja ni nakala ya mwenzake), na `/opt/zimbra` ipewe sehemu yake yenyewe, ili barua zikijaa zisiubane mfumo mzima. Watu 30 kwa GB 5 kila mmoja ni GB 150 kabla hujahesabu faharasa na kumbukumbu za mfumo, kwa hiyo tenga 300. Kwenye `/etc/fstab` (faili la diski zinazounganishwa mashine ikiwaka) tumia UUID, kitambulisho cha sehemu ya diski, unayoipata kwa `blkid`, usitumie `/dev/sdb1`, maana siku ukichomeka diski ya bakapu majina hayo yanaweza kupeana zamu.

Toleo la Ubuntu lisiwe jipya kwa sababu tu ni jipya. Fungua orodha ya mifumo inayokubaliwa na toleo la Zimbra ulilonalo, uchukue lililotajwa. Ukiwa na Rocky Linux au ndugu zake, hakikisha SELinux, mlinzi wake wa ndani, haizuii kitu kabla ya kusimika.

Hatua ya 3: Anwani ya ndani isiyohama

Seva isiombe anwani kwa rauta. Andika mwenyewe ndani ya faili iliyoko `/etc/netplan/`:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    eno1:
      addresses: [192.168.10.5/24]
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.10.1
      nameservers:
        addresses: [1.1.1.1]
```

Jina `eno1` kwako linaweza kuwa jingine. Amri ya `ip a` itakuambia. Nafasi za mwanzo wa mistari ni za kitufe cha nafasi, si cha Tab, na nafasi moja ikizidi faili zima linakataliwa. Kisha endesha `netplan try` badala ya `netplan apply`. Ukikosea ukajikatia mawasiliano, `try` inangoja sekunde 120 na kurudisha mpangilio wa zamani. Kama uko Uyole na seva iko Tukuyu, sekunde hizo 120 zinakuokolea nauli.

Hatua ya 4: Jina

Ningeruhusiwa kubakiza hatua moja tu, ningebakiza hii. Zimbra inaandika jina la mashine ndani ya LDAP yake (daftari la watumiaji na mipangilio), ndani ya vyeti vyake na ndani ya mafaili kadha wa kadha. Kulibadilisha baadaye kunawezekana, amri ya `zmsetservername` ipo, ila ni kazi ya kufanywa usiku ofisi imefungwa, na jasho linakutoka hata Julai ya Mbeya.

Kwa hiyo kaeni mkubaliane jina kwanza. Lisiwe la mwenyekiti wala la mtaa mliopanga, maana mwenyekiti anaondoka na ofisi inahama. `barua` linatosha.

```
hostnamectl set-hostname barua.ushirika.example
```

Halafu fungua `/etc/hosts`. Ubuntu huwa inaweka humo mstari unaoanza na 127.0.1.1 ukifuatwa na jina la mashine. Ufute. Usipoufuta, mashine ikiulizwa inakaa wapi itajibu “ndani mwangu”, na Zimbra inataka ijibu anwani ambayo wengine wanaweza kuifikia. Ibaki hivi:

```
127.0.0.1      localhost
192.168.10.5   barua.ushirika.example barua
```

Jina refu litangulie, fupi lifuate. Ukiyageuza, `hostname -f` itakupa `barua` tupu. Nimeona watu wanakesha kwa mpangilio huo tu wa maneno mawili. Pima sasa hivi:

```
hostname -f
```

Jibu liwe jina kamili, herufi kwa herufi sawa na lile uliloliombea PTR. Ukishahangaika na jina la kitambulisho cha taifa linalotofautiana herufi moja na la benki, hapa huhitaji maelezo zaidi.

Hatua ya 5: DNS, ya nje na ya ndani

DNS ni kitabu kinachogeuza majina kuwa namba. Ya nje unaiweka pale domeni inapotunzwa. Rekodi ya A iseme `barua.ushirika.example` ni 203.0.113.10. Rekodi ya MX iseme barua za `ushirika.example` zipelekwe `barua.ushirika.example`. MX inataja jina, haitaji namba, na jina hilo lenyewe lisiwe CNAME, yaani jina linaloelekeza kwenye jina jingine. Kwa SPF weka rekodi ya TXT:

```
v=spf1 mx ip4:203.0.113.10 ~all
```

Hiyo `~all` ni ya kuanzia. Ukishajua hakuna mwingine anayetuma kwa jina lenu, iwe `-all`. DKIM ingoje, ufunguo wake unatengenezwa na Zimbra yenyewe ikishasimama.

Kama ofisi tayari ina barua pepe kwenye seva ya kupangisha tovuti, usiguse MX mpaka siku ya kuhama. Punguza TTL (sekunde ambazo wengine hukumbuka rekodi yako) iwe 300 siku mbili kabla, basi. Na kama tovuti itabaki huko kwenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti), ingia sehemu ya njia za barua uiambie kwamba barua za domeni hii zinapokewa kwingine. Usipofanya hivyo, fomu ya mawasiliano ya tovuti itaendelea kutupia barua kwenye sanduku la zamani ambalo hakuna anayelifungua.

Sasa ya ndani. Seva yako iko nyuma ya rauta. Ikiuliza dunia “barua.ushirika.example yuko wapi?” itajibiwa 203.0.113.10, namba ambayo haipo kwenye waya wake wowote. Kisimikaji cha Zimbra kitaona hivyo na kugoma. Dawa ni DNS ndogo ya ndani yenye jibu la ndani, na kwa ofisi ya watu 30 dnsmasq inatosha.

Zingatia mpangilio. Pakua dnsmasq kwanza, ndipo uzime systemd-resolved, kiulizia majina kilichokuja na Ubuntu. Ukizima kwanza, seva haina tena wa kuiulizia majina, kwa hiyo haiwezi kupakua hiyo dnsmasq. Umejifungia nje na ufunguo uko mezani.

```
apt install dnsmasq
systemctl disable --now systemd-resolved
rm /etc/resolv.conf
echo "nameserver 127.0.0.1" > /etc/resolv.conf
```

Baada ya amri ya kwanza dnsmasq inaweza kulalamika kwamba imeshindwa kuwaka. Usishtuke, porti ya 53 bado ilikuwa na mwenyewe. Ndani ya `/etc/dnsmasq.conf` andika:

```
no-resolv
server=1.1.1.1
server=8.8.8.8
listen-address=127.0.0.1,192.168.10.5
bind-dynamic
host-record=barua.ushirika.example,192.168.10.5
mx-host=ushirika.example,barua.ushirika.example,5
```

Washa kwa `systemctl restart dnsmasq`, kisha uliza:

```
dig +short mx ushirika.example
dig +short barua.ushirika.example
```

Ya kwanza ijibu `5 barua.ushirika.example.` na ya pili 192.168.10.5. Yakitoka hayo, rudi kwenye netplan ubadilishe 1.1.1.1 iwe 127.0.0.1. Na kompyuta za ofisi zielekeze kwenye 192.168.10.5 kwa maswali ya majina, hasa kama rauta yenu haiwezi kumrudisha mtu wa ndani anayegonga kwa anwani ya nje.

Hatua ya 6: Saa

```
timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
apt install chrony
chronyc tracking
```

Amri ndizo hizo tatu, na chrony ndiyo inayosahihisha saa kupitia intaneti. Kisa chake ni kirefu kidogo.

Kuna ofisi Iringa, maeneo ya Kihesa, niliitwa Jumatatu asubuhi. Nimeingia, “Kamwene”, dada wa mapokezi hata hakuitikia vizuri: “Kaka, tangu tumefika hakuna anayefungua barua.” Umeme ulikuwa umekatika Jumamosi. Uliporudi, seva ikawaka yenyewe, ila ikaamka ikiamini ni miaka kadhaa nyuma. Programu za ndani ya seva zilipokaguana vyeti vya usalama zikaona bado havijaanza kutumika, zikagoma. Chrony haikuwepo, na betri ndogo ya kwenye ubao mama, ile CR2032 ya mviringo, ilikuwa imekufa. Nilikwenda kuinunua kwa fundi saa karibu na stendi. Tangu hapo, seva yoyote iliyotumika kabla inabadilishwa betri siku naipokea, bila kuipima.

La pili ni la kwetu Waswahili. Siku moja nilipanga bakapu ianze saa nane usiku, nikaandika kwenye cron, kipanga kazi cha mfumo:

```
0 8 * * *
```

Kompyuta haijui saa zetu. Kwake 8 ni saa mbili asubuhi, na bakapu ikawa inaanza dakika ileile watu wote wanafungua barua za siku. Walilalamika mfumo mzito wiki nzima kabla sijagundua. Saa nane usiku ni `0 2 * * *`. Unapopokea maelekezo ya mdomo kutoka ofisini, yageuze kabla hujayaandika.

Hatua ya 7: Porti na fayawoli

Angalia nani ameshakaa:

```
ss -tlnp
```

Ukiona kitu kwenye 25, 80, 110, 143, 443, 587 au 993, kitoe. Mara nyingi ni postfix au apache2 iliyokuja na mfumo:

```
systemctl disable --now postfix apache2
```

Zimbra inakuja na postfix yake, na mbili hazikai chungu kimoja. Kwenye fayawoli, SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) iruhusiwe kabla ya kuiwasha fayawoli yenyewe. Wanaosahau ndio hupanda gari usiku.

```
ufw allow OpenSSH
ufw allow 25,80,443,465,587,993/tcp
ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 53
ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 7071 proto tcp
ufw enable
```

7071 ni ukurasa wa msimamizi. Ubaki wa ndani. 110 na 143 sijazifungua kwa nje kwa sababu zinaanza bila usimbaji, na simu zote za siku hizi zinajua 993. Kuna nyingine, 11211, ya memcached (ghala la data la muda) ambayo Zimbra inaitumia ndani kwa ndani. Hiyo kamwe isionekane nje: mashine zilizoiacha wazi ndizo zilizotumika kuishambulia GitHub Februari 2018. Halafu kwenye rauta elekeza porti zilezile za mstari wa pili kwenda 192.168.10.5, wala usizidishe.

Hatua ya 8: Umeme na radi

Miongozo ya Wazungu haiandiki haya. Huku kwetu kuanzia Novemba hadi Aprili radi ni mwenzetu, na watu wengi wanalinda waya wa umeme wakasahau ule unaoshuka kutoka kwenye antena ya intaneti juu ya bati. Radi inapita humo, inaingia swichi, inaingia seva. Weka kizuia radi upande wa kebo hiyo pia, na mlingoti uwe na waya wa ardhini.

UPS iwe ile yenye waya wa USB unaozungumza na seva. Simika programu ya `nut`, iambie izime mashine taratibu chaji ikishuka; hifadhidata ya Zimbra ikikatwa ghafla inaweza kuharibika. Kwenye BIOS chagua mashine iwake yenyewe umeme ukirudi. Kisha lijaribu hilo kweli: mchana, fundi ukiwepo, chomoa plagi ukutani uangalie kama inazima kwa heshima na kuamka. Baridi ya huku ni faida, chumba hakihitaji kiyoyozi, ila vumbi la kiangazi linaziba feni. Usiiweke seva sakafuni.

Ofisi ikishika taarifa za wakulima na wafanyakazi wake kwenye barua, inaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na inatakiwa kujisajili kwa Tume yake. Mkumbushe meneja, aandike mwenyewe.

Hatua ya 9: Washa upya, uliza tena

Mipangilio iliyokubali leo inaweza kupotea mashine ikizimwa. `reboot`, ngoja, kisha:

```
hostname -f
dig +short mx ushirika.example
dig +short -x 203.0.113.10 @8.8.8.8
timedatectl
ss -tlnp
df -h /opt/zimbra
free -h
```

Kimoja kikijibu vibaya, rudi kwenye hatua yake. Vyote vikijibu sawa, na seva ni ya mtandaopepe (mashine iliyo ndani ya mashine nyingine), piga picha ya hali yake ya sasa, yaani snapshot, ndipo ufungue kifurushi.

Maswali mawili ya kisimikaji yajue mapema. Kitakuuliza kama unataka `zimbra-dnscache`. Jibu hapana, kwa sababu dnsmasq tayari imeshika porti ya 53. Mbele kidogo kitasema kwa herufi kubwa kwamba kuna kosa la DNS, hakuna MX ya `barua.ushirika.example`, je, ubadilishe domeni? Hapa vijana wengi hubonyeza Ctrl+C na kunipigia simu. Si kosa lako. Kimechukua jina la mashine kikadhani ndiyo domeni. Jibu ndiyo, andika `ushirika.example`, bonyeza Enter. Kikijibu kwa mstari unaoanza na MX, ukiwa na jina la seva yako na 192.168.10.5 kwenye mabano, endelea.